Meri Bila Kitu

Jumapili, 6 Julai

Amekuja! Mdogo wangu, mwenyewe, kwa miguu yake, na miguu inakwenda mbele badala ya pembeni. Shati limepigwa pasi. Ndevu zimenyolewa. Kitufe, mtoto ninayemlea, alimwona dirishani akapiga kelele "Baba!" nami nikajichoma sindano chini ya ukucha.

Nikamkaribisha, ningefanyaje? Kuku wa kuoka, viazi, saladi. Mume wangu leo hana zamu, na kwake Jumapili isiyo na zamu haijakamilika mpaka atengeneze Meri. Bladi Meri ndilo jina kamili, huko hotelini anakosimamia baa. Hapa nyumbani limebaki Meri tu, utadhani ni wifi aliyekuja kusalimia akakaa.

Mume wangu namwita Bwana Kipimo. Hata maziwa ya chai anayapima kwa kile kikombe chake kidogo cha chuma cha baa. Meri yake ina utaratibu, na ole wako uuvuruge. Juisi ya nyanya kwanza. Ndimu. Chumvi. Pilipili manga. Matone ya sosi ya pilipili, halafu ile sosi nyeusi inayonuka soksi na bado inakoleza kila kitu. Haitikiswi – ukiitikisa nyanya inatoa povu. Inamiminwa kutoka jagi hili kwenda lile, lile kurudi hili, taratibu, huku yeye kakunja uso kama anamtoa mtu kibanzi. Vodka inakuja mwisho kabisa, na inaingia kwenye glasi ya mtu, siyo kwenye jagi. Kwa hiyo wanaokunywa na wasiokunywa wote wanatoka jagi moja.

Mdogo wangu akasema, shemeji, mimi nipe bila kitu.

Bila kitu! Akaeleza kwamba huko alikotibiwa wamemfundisha kushika glasi kama wenzake, asikae mikono mitupu akionekana mgonjwa. Miezi minane hajagusa. Mume wangu akasimama akampa mkono. Mimi nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Tulipofika kwenye matunda ndipo akatoa alichokijia. Anamtaka mtoto. Shule zikifungwa tu. Amepata nyumba ndogo, amerudi kwenye kazi yake ya kutengeneza friji, na watu wa ofisi ya ustawi wa jamii wameshamsikiliza. Afisa atakuja hapa kwetu Jumapili ya tarehe 20, awaone baba na mtoto mezani pamoja, kisha aamue.

Kitufe akanigeukia macho yanang'aa. "Mama, umesikia?"

Na huyu mtu – huyu niliyemnyanyua mtaroni sijui mara ngapi! – akamwambia mtoto kwa upole kabisa, "Mwite shangazi, mwanangu. Huyu ni shangazi yako."

Ndiyo, ni shangazi yake. Dada wa baba huitwa shangazi, najua, sikuzaliwa jana. Lakini miaka mitatu nimekuwa mama, na leo nimeshushwa cheo mbele ya saladi.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeharibu sketi ya mteja. Sare ya shule, nimeikata fupi kama leso. Mkasi ulikuwa mkononi na akili ilikuwa kwake.

Anajua anachoomba? Siku ile mlinzi wa shule alinipigia simu mimi. Giza linaingia, mtoto wa miaka sita amekaa juu ya begi lake getini, baba hajulikani alipo. Nilijua alipo. Nilimkuta kaunta anaimba. Sikumwambia neno. Nilimchukua mtoto na begi na ndala yake moja, ya pili hata sijui ilibaki wapi. Mama yake alishaolewa mbali, wala hakugeuka nyuma. Aliyebaki ni mimi.

Kitufe nilimbatiza mimi jina hilo, kwa sababu wiki ya kwanza hakusema chochote, alikaa chini ya meza yangu ya kukatia akipanga vifungo kwa rangi. Neno la kwanza alilolitoa lilikuwa "Mama." Hakufundishwa na mtu. Na mimi sina wangu. Daktari alishatuambia zamani, tukaacha kuuliza.

Na baba yake, humu daftarini, ningembatiza Chupa. Hakuna wa kunikemea humu.

Jumatano, 9 Julai

Wazo limenijia natia uzi kwenye sindano. Sikulitafuta.

Mume wangu amelisema mara ngapi akirudi kazini! Wateja humlalamikia kwamba Meri haina kitu, kumbe kitu kimo, tena cha kutosha. Vodka ndani ya nyanya na pilipili haina harufu, haina rangi, haina ladha. Ulimi unashika ndimu na kuungua na pilipili, basi.

Nikajiambia: najaribu tu. Nataka kujua ni kiasi gani mtu hawezi kukitambua. Kujua si kosa.

Mtoto kaenda shule, mume kaenda kazini. Nikatengeneza jagi. Glasi ya kwanza kijiko kimoja cha chakula – hamna. Ya pili vijiko viwili, pilipili nikaongeza kidogo – hamna. Ya tatu vitatu – hapo pana joto fulani kifuani, lakini ukiambiwa ni pilipili utakubali. Mwanzoni nilikuwa naonja natema. Kisha kutema nyanya sinkini kukanitia kinyaa, ilikuwa kama nimeng'olewa meno yote, nikaacha kutema. Nikarudia ya pili kuhakikisha. Nikarudia ya tatu.

Mimi si mnywaji. Hata divai ya harusini huwa namwachia jirani.

Kitufe karudi shuleni akanikuta nimelala juu ya meza ya kukatia, shavu limekandamiza chaki ya fundi. "Mama, unaumwa?" Kichwa tu, nikamwambia. Akaniletea maji. Akanifunika kitambaa cha sare. Nilipozinduka vizuri nikakuta glasi zote zimeoshwa na kupangwa, na mtoto anafanya hesabu zake kimya. Ana roho nzuri kuliko sisi sote.

Jibu: vijiko viwili. Viwili havijulikani.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemwambia mume wangu kwamba Jumapili Meri naitengeneza mimi. Amefurahi! Amenikabidhi kikombe chake cha chuma kwa mikono miwili. Tangu tuoane hajawahi kuniona nina hamu na kazi yake. Nusu saa nzima ananionyesha namna ya kumimina. Kiwiko chini. Usiharakishe. Ndimu ikamuliwe hapo hapo, isilale. Nikamwitikia kila kitu kama mwanafunzi wa mbele.

Jumapili, 13 Julai

Nimefanya.

Jagi lilikaa mezani, kila mtu analiona. Ya mume wangu nikaitilia kipimo chake mbele za watu. Ya mdogo wangu nilirudi nayo jikoni "kuongeza barafu." Vijiko viwili. Nikapaka chumvi ukingo wa glasi, nikachomeka kijiti cha tango, nikampelekea.

Alikunywa nusu kwa mkupuo. Nilisimama na sinia nikimwangalia koo linavyopanda na kushuka. Akaweka glasi chini, akafuta mdomo.

"Dada, wallahi una mkono kuliko shemeji!"

Mume wangu akacheka, akasema basi kesho naenda kuchukua nafasi yake kaunta. Kila mtu akacheka. Mdogo wangu akasukuma glasi: niongeze. Nikamwongezea. Viwili vingine.

Mwanzo nilidhani hakuna kitakachotokea. Kisha akaanza kuchangamka. Akatusimulia jinsi nilivyombeba mgongoni kuvuka mtaro siku ya mvua, yeye ana miaka minne mimi tisa, nikateleza, tukaanguka wote, na mimi nikamnyanyua yeye juu ili nguo zake zisilowe huku nimekaa kwenye maji mpaka kifuani. Kitufe akacheka mpaka akashika tumbo. Nilikuwa nimeisahau ile siku. Nilicheka na mimi. Ni mchekeshaji, mdogo wangu, hilo halijafa.

Mara akanyamaza. Akawa anafuta jasho. Macho yanazunguka mezani, kwenye chupa, kwenye dirisha, yanarudi kwenye chupa. Akasema kichwa kinamgonga, labda jua. Akaondoka kabla ya chai. Kitufe akamsindikiza mpaka getini, akarudi akaniuliza mbona Baba mikono inatetemeka.

Nikamwambia ndivyo alivyo baba yako.

Niandike ukweli, humu niko peke yangu: nilifurahi. Nilivua viatu, nikajilaza kwenye kochi, na nilifurahi.

Jumatatu, 14 Julai

Kapiga simu asubuhi. Nilikuwa na sketi kwenye cherehani, nikaweka simu begani nikaendelea kushona.

Anasema kuna kitu kimeamka. Miezi minane kimelala, jana kimeamka, na hajui kimeamshwa na nini. Jana jioni alijikuta mbele ya mlango wa baa. Hakumbuki alivyofika. Mkono uko kwenye kitasa. Akarudi nyumbani, akajifungia, akakaa sakafuni amekumbatia magoti mpaka jua likatoka.

"Dada, nilikula nini kwako?"

Cherehani ikasimama yenyewe, au ni mguu wangu. Lakini hakushuku! Aliuliza kama mtu anayemweleza daktari. Akasema mimi ndiye pekee anayeweza kumwambia, maana wenzake wa kikundi cha walioacha pombe watamhesabia kaanguka, na ofisi ya ustawi wakisikia, basi tena.

Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia ni uchovu. Nikamwambia nafsi inaogopa neema inapokaribia, maneno sijui niliyatoa wapi, yalikuja tu, matamu. Usimwambie mtu, mdogo wangu. Njoo Jumapili kama kawaida. Nitakutengenezea yako bila kitu, ikutulize mikono mbele ya Afisa.

Alilia. Zamani alikuwa analia akilewa, na yale machozi sikuyatilia maanani, yalikuwa yanatoka sehemu moja na nyimbo. Haya ya leo yalikuwa makavu, ya kukwama. "Ahsante, Dada. Ningekuwa wapi bila wewe?"

Nikakata simu, nikamaliza pindo. Limenyooka kabisa.

Jumatano, 16 Julai

Nimehamishia vodka kidogo kwenye kichupa cha siki kilichokuwa tupu. Nimekiweka chumba cha cherehani, rafu ya juu, nyuma ya roli kubwa za uzi mweusi. Sitaki Jumapili nihangaike na chupa kubwa mbele ya wageni.

Kitufe amejaribu gauni nililomshonea la kuvaa siku ya Afisa. Bluu, kola nyeupe. Akajizungusha mbele ya kioo. Akauliza, kopo la vifungo aende nalo kwa Baba au aliache hapa, ili awe na sababu ya kurudi kila wiki?

Nikamwambia aliache, maana haendi popote.

Akaacha kuzunguka. "Baba anaumwa tena?"

Mtoto gani huyu anauliza hivi! Nikamwambia asimame wima nimpime pindo.

Ijumaa, 18 Julai

Roho iliniruka leo nikadhani imeenda moja kwa moja.

Natoka jikoni, namkuta mume wangu amesimama mbele ya kabati, chupa ya vodka mkononi, ameinua kwenye mwanga. Nimeolewa na mtu wa baa miaka yote hii nikasahau jambo moja dogo: huyu bwana chupa haiangalii, anaisoma. Hotelini akipita tu kaunta anakuambia nani kamwaga na nani kaiba. Akarudisha chupa. Akanikalisha. Akanishika mikono yote miwili.

"Mke wangu, kuna jambo unataka kuniambia?"

Nikajitia hamnazo. Jambo gani?

Akasema tangu Jumapili ya kwanza amemimina glasi zake anazozijua, na chupa imeshuka kuliko hizo, tena sana. Akasema alidhani ni mdogo wangu, akaona haya kwa kumdhania, kwa sababu yeye hakuwahi kubaki peke yake na hiyo chupa hata dakika. Kisha akamwuliza Kitufe kama ameona chochote. Mtoto hakutaka kusema. Amembembeleza wee, ndipo akamwambia ya Jumatano ya wiki iliyopita, jinsi alivyonikuta mezani na glasi zimenizunguka.

"Ni wewe, sivyo?"

Nilimtazama. Nikaona njia mbili tu mbele yangu, na moja inaishia mahali ambapo mume wangu ananiangalia kwa namna ambayo hataacha tena. Nikachagua nyingine.

Ndiyo, nikasema. Ni mimi.

Akanikumbatia! Akasema amewaona wengi kwenye viti virefu vya kaunta, wake za watu, wanaanza hivi hivi, mchana, peke yao, kwa uchungu. Akasema ni uchungu wa mtoto, anauelewa, yeye pia unamkata ila mwanamume hana pa kuulilia. Nikamlilia kifuani. Machozi yalikuwa ya kweli, hata sijui yalikuwa ya nini.

Chupa ameiondoa, kaenda nayo kazini. Nikamwambia ahsante.

Kichupa cha siki hakukijua.

Jumamosi, 19 Julai

Mchana mume wangu kaaga anaenda kumwona mwenzake. Kavaa viatu vizuri. Hakusema mwenzake gani.

Kitufe ameshinda chumba cha cherehani, anapanga vifungo, anasema anataka kuviacha vizuri. Mimi niko jikoni na nyanya. Kesho siweki vijiko viwili. Viwili vilimwamsha tu. Kesho ni vinne, na glasi ya pili vinne vingine, Afisa akiwa kwenye kiti cha mbele. Acha achangamke. Acha aimbe. Hakuna atakayenilaumu, watu watatikisa kichwa tu na kusema walijua.

Nimeonja jagi. Chumvi iko sawa.

Jumapili, 20 Julai

Naandika nimejifungia chumba cha cherehani. Wako nje ya mlango. Nikiacha kuandika nitapiga kelele, kwa hiyo naandika.

Kwa mpango. Niandike kwa mpango.

Afisa alikuja saa saba, mama wa makamo, viatu vya raba, sauti ya chini. Mtu mzuri. Alikula kuku wake, alicheka na Kitufe, alimwuliza mdogo wangu habari za friji. Mdogo wangu amekonda kwa wiki moja. Lakini ametulia. Mtoto kamwegemea bega muda wote, kola nyeupe imepinda, sikuthubutu kwenda kuinyoosha.

Nikasema sasa niwaletee Meri. Nikaingia humu, nikachukua kichupa nyuma ya uzi, nikakificha kwenye aproni, nikarudi jikoni. Vijiko vinne. Chumvi ukingoni. Tango. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo! Nikageuka na sinia – mdogo wangu amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Dada. Shemeji ameniambia."

Nilidhani nimekwisha. Sinia lilipata uzito wa jiwe la kusagia. Nikasubiri anipige.

Akaja akanishika bega. Akasema nisimkasirikie mume wangu, jana alimfuata yeye huko kwenye friji zake kwa sababu hajui mwingine aliyepita njia hii. Akasema haoni ajabu. Akasema, "Ni kosa langu, nimekuja kukunyang'anya mtoto bila kuangalia unabaki na nini. Ila sikuachi. Ulinibeba, nitakubeba."

Nikazidi kulishikilia sinia.

"Wewe huna haja ya kunywa kwa kujificha," akasema. Akachukua glasi yake kwenye sinia – ile! – akaniwekea mkononi, akaikunjia vidole vyangu. "Hii ni yangu, umeitengeneza mwenyewe, haina kitu. Shika hii kama mimi ninavyoshika. Kunywa mbele yao, wakuone. Mimi nitakunywa maji."

Nyuma yake akatokea mume wangu, macho yamejaa. Nyuma ya mume wangu, Afisa, amekuja kunawa mikono. Wote wananiangalia kwa huruma. Sijawahi kuhurumiwa na watu wengi hivyo kwa mara moja.

Nikinywa, vijiko vinne, sijaweka kitu tumboni tangu asubuhi, na Afisa yuko hatua mbili kutoka mdomoni mwangu. Nisiponywa – kwa nini nisinywe juisi ya nyanya? Nikimrudishia mwenyewe, anaweza kuinywa, na hapo hapo atajua, maana sasa anajua kusikiliza mwili wake. Popote ninapogusa panaungua.

Nikasema nachukua leso. Nikapita katikati yao na glasi mkononi, nikaingia humu, nikafunga kwa ufunguo.

Iko hapa mezani, karibu na mkasi.

Nje wanaongea. Mume wangu anawaambia wanipe nafasi. Afisa anauliza polepole kama hali hii imekuwepo muda wote mtoto akiishi hapa. Mume wangu anasema hapana, hapana, ni wiki hizi tu. Na mdogo wangu – nikisema nimezoea ubaya wangu naongopa, maana hili sikulizoea – mdogo wangu ananitetea! Anamwambia Afisa kwamba mimi ni mtu safi, kwamba huu ni ugonjwa kama mwingine, kwamba asiandikiwe mtu ubaya kwa sababu ya ugonjwa. Anasema mtoto amelelewa vizuri, mwangalie. Anasema hata akimchukua, atamleta kila Jumapili, na yeye mwenyewe atakaa nami.

Afisa amesema kwamba kwa leo ni bora mtoto aondoke na baba yake. Kwa leo tu, wakati mimi napumzika. Amesema hivyo kwa sauti nzuri sana.

Kuna kivuli chini ya mlango. Viatu vidogo.

Ni Kitufe. Kapiga magoti, anaongea kwenye tundu la ufunguo, wengine wasisikie.

"Mama. Usiogope. Siyo kali."

Nini siyo kali?

"Ile ya nyuma ya uzi. Niliimwaga jana, nikajaza maji. Ya Baba nilikuwa nafanya hivyo hivyo."

Nimeonja glasi. Nyanya. Ndimu. Chumvi, na pilipili nyingi mno. Nimekunywa hadi nusu nikitafuta. Haina kitu.

Basi mdogo wangu angeinywa. Angeinywa glasi nzima, na ya pili, akakaa kwenye kiti chake na akili zake zote, na mimi nikasimama na sinia nikisubiri aimbe. Na kama nisingekimbia, ningeinywa mimi mbele yao na nisingepatwa na chochote. Sasa hivi naweza kufungua mlango, ninywe nusu iliyobaki, niwaonyeshe glasi tupu. Watanipigia makofi. Watasema nimeanza vizuri. Na kila Jumapili mdogo wangu atakuja kukaa na mimi, aniulize usiku ulikuwaje, anishike mkono, mpaka siku moja akumbuke Jumatatu ile aliyonipigia simu.

Au nifungue nimwambie. Tena mbele ya mtoto.

Anagonga. "Dada, fungua. Hakuna mwenye hasira hapa."

Ufunguo uko mkononi. Nimeuingiza. Sijauzungusha.

Na Kitufe amesimama, nasikia gauni likichakacha, amewageukia. Anatumia sauti yake ya kawaida kabisa, ile ya kuomba kalamu.

"Mama amelala," anawaambia. "Kichwa kinamuuma. Akiamka atakuwa sawa."

Mdogo wangu ameacha kugonga.

Kisha, taratibu, anamwuliza mwanawe ni watu gani alikuwa anawaambia maneno haya haya, zile siku yeye mwenyewe akilewa.